Diski ya akiba kwa kompyuta ya nyumbani: nilivyopoteza sauti ya bibi, na ninavyofanya sasa

#1 Mwana wa Chumbageni

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimeuahirisha tangu masika. Leo mke wangu kanisukuma: kama huwaandikii watu, yaliyotupata sisi yatampata mwingine hapa hapa Tanga.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mdigo wa Mkinga. Alikuwa na hadithi zisizokwisha, nyimbo za kubembeleza watoto, na jina la kila mti wa dawa uliokuwa nyuma ya nyumba yake. Mwaka 2018 nilikaa naye siku tatu nikamrekodi kwa simu. Zilipatikana saa sita na dakika kadhaa. Nikaziingiza kwenye laptopu, laptopu ikajaa, nikanunua diski ya nje ya 1TB na kuhamishia kila kitu humo: sauti za bibi, picha za harusi, mitihani ya mke wangu ambaye ni mwalimu. Kwenye laptopu nikafuta. Nikajiambia sasa tumeshaweka akiba, roho ikatulia.

Jioni moja diski ilikuwa juu ya meza ya kulia, inafanya kazi, waya unaning'inia. Mwanangu wa miaka mitatu akapita mbio, mguu ukanasa kwenye waya. Meza ile haifiki hata mita moja. Diski ikatua kwa kona kwenye sakafu ya saruji. Nilipoichomeka tena ikawa inalia kwa ndani, tik, tik, tik, kama mtu anayegonga sahani kwa ukucha, na kwenye skrini hakuna kilichotokea. Nikachomoa, nikachomeka, mara nne au tano. Sikujua kwamba kila mara nilikuwa naimalizia. Ndani ya diski za aina ile mna sahani zinazozunguka, nyingi ni mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Kikishaanguka juu ya sahani, kinakwangua.

Bibi alifariki mwaka 2020. Sauti yake iliyobaki ni dakika nne na sekunde kumi na moja. Ni kipande nilichomtumia shangazi yangu wa Pangani kwa WhatsApp, kwa kuwa aliniomba wimbo mmoja tu. Shangazi hakukifuta.

Kwa hiyo kabla ya aina, bei na programu, naomba hili likae kwanza: kuhamisha si kuweka akiba. Ukitoa picha kwenye laptopu ukaziweka kwenye diski ya nje na laptopu ukaisafisha, bado una nakala moja, tena umeitia kwenye chombo chepesi kuanguka na kuibwa. Akiba ni ile nakala ya pili, wakati ya kwanza bado ipo mahali pake.

Sasa kuchagua.

Diski za nje ni za aina mbili. Kuna za sahani, wenyewe wanaziita HDD, na kuna SSD ambazo hazina kinachozunguka ndani. SSD ina kasi na inavumilia kuanguka, lakini kwa nafasi ile ile utalipa zaidi. Kwa kazi ya akiba, ya kuchomekwa mara moja kwa wiki kisha kurudi kabatini, ya sahani inatosha. Msinielewe vibaya: iliyoniumiza ilikuwa ya sahani, na bado nimenunua nyingine ya sahani. Kosa halikuwa la diski. SSD nayo ina lake: inahifadhi kwa chaji ya umeme iliyofungiwa ndani, na chaji hiyo huvuja polepole, haraka zaidi kwenye joto. Usiifungie kabatini miaka mitatu ukaamini utaikuta ilivyokuwa. Hata flashi ni hivyo hivyo.

Za sahani zina maumbo mawili. Kuna ndogo inayoenea kiganjani, inayokula umeme wa tundu la USB peke yake, na kuna kubwa yenye adapta yake ya ukutani. Kwa umeme wetu unavyokatika na kurudi, chukua ndogo. Ikiwa kwenye laptopu na umeme ukakatika katikati ya kuandika, betri ya laptopu inaibeba na diski haijui kama kuna kilichotokea. Ile kubwa inazimika papo hapo, na faili lililokuwa linaandikwa linaweza kuharibika, pengine na mpangilio wa diski nzima. Mwenye kompyuta ya mezani aweke UPS kwanza, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, hata ndogo ya kumpa dakika kumi za kuzima kwa utaratibu.

Ukubwa: angalau mara mbili ya ulichonacho, kwa sababu akiba nzuri hutunza na matoleo ya zamani ya mafaili yako. Ukiona diski ya 1TB inaandikwa 931GB, hujaibiwa. Kiwandani wanahesabu kwa elfu moja moja, Windows inahesabu kwa 1,024.

Tundu pia liangalieni. USB ya kizamani, 2.0, kwa matumizi ya kweli hupitisha kama megabaiti 35 kwa sekunde, na ya 3.0, ambayo mara nyingi ulimi wake ni wa bluu, diski ya sahani hupitisha 100 na zaidi. Ukiwa na 300GB, hiyo ni tofauti ya saa mbili na nusu dhidi ya dakika hamsini. Nakala ya kwanza ndiyo ndefu. Zinazofuata huchukua vilivyobadilika tu.

Halafu bandia. Mmeziona mitandaoni: 16TB kwa elfu sitini. Hakuna diski hiyo. Ndani mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kuiambia kompyuta kuwa ni kubwa. Unaandika, inakubali, majina ya mafaili unayaona, ila nafasi ya kweli ikiisha inaanza kuandika juu ya vya zamani, au inatupa vipya bila kukwambia. Watengenezaji wa diski za sahani duniani wamebaki watatu, Seagate, Western Digital na Toshiba, kwa hiyo ya sahani yenye jina lisilo lao ichunguze mara mbili. Yoyote utakayonunua, kabla hujaweka kitu, ijaribu kwa programu ya bure ya H2testw, au F3 kwa watu wa Linux na Mac. Inajaza diski nzima kisha inasoma kila ilichoandika. Kwa 1TB iache usiku kucha inafanya kazi. Na dukani chukua risiti yenye namba ya diski, ulinganishe hapo hapo kabla hujaondoka.

Kuipanga nitaandika baadaye kidogo, naitwa chakula.

#2 MamaPacha

Kaka pole sana kwa bibi. Nimesoma nikasimamisha kazi, maana kesho nilikuwa nakwenda mjini kununua diski nifanye hivyo hivyo ulivyofanya wewe. Laptopu yangu ni ya 256GB, imejaa picha na video za pacha wangu tangu kuzaliwa, inalalamika kila ikiwaka. Nisipohamisha nitafanyaje?

#3 Mwana wa Chumbageni

Dada, hapo nunua mbili. Najua ni gharama. Ya kwanza iwe ndiyo nyumba mpya ya video, ya pili iwe nakala. Usifute kitu kwenye laptopu mpaka vipo kwenye zote mbili na umevifungua ukaviona. Kama pesa ni ya moja kwa sasa, nunua hiyo moja, nakili, na laptopu ivumilie: futa yanayopatikana tena, tamthilia na programu usizotumia, video za pacha ziache mpaka diski ya pili ipatikane.

#4 Fundi Barabara ya 8

Mwanzisha uzi kasema kweli tupu. Naongezea ya mezani kwangu.

Diski zinazolia tik tik naletewa kila mwezi, na kila mmoja ameshaichomeka mara ishirini kabla ya kunifikia, wengine wameshaifungua kwa bisibisi. Ikilia, ICHOMOE, usiichomeke tena. Usiifungue, vumbi moja linatosha kumaliza sahani. Usiitie kwenye friji; kwa hewa yetu hii ya bahari, diski ikitoka humo ina maji ndani. Kama kilichomo kina thamani, iende kwa wenye chumba kisicho na vumbi, na ujue bei yao itazidi ya diski kumi mpya.

Kuhusu za mtumba. Watu wanazipenda na mimi siwakatazi, ila kwanza iangalie kwa programu ya CrystalDiskInfo, ni ya bure. Usitazame neno "Good" la bluu peke yake. Tazama saa ilizowashwa. Mwaka mmoja una saa 8,760. Nimewahi kushika moja iliyosafishwa inang'aa, kwenye mfuko mpya, inauzwa kama haijatumika, kumbe ina saa zaidi ya 40,000. Hiyo imekesha miaka minne na nusu bila kuzimwa, bila shaka ilikuwa kwenye mashine ya kamera za ulinzi. Kisha tazama mstari wa 05, na C5 na C6. Hizo ni sehemu za sahani zilizokufa au zinazotaka kufa. Nikikuta si sifuri, kwa akiba siichukui. Ichezee miziki.

Mwenye laptopu mbovu nyumbani pia asiitupe na diski yake. Kama ni nzima, kuna makasha ya kuitia ikawa diski ya nje, ni bei ndogo.

#5 Sahare Moja

Mkuu pole, lakini mbona safari ndefu? Siku hizi kuna Google Drive, picha zinapanda zenyewe, hata simu ikiibwa zipo. Mimi diski niliachana nazo.

#6 Mwana wa Chumbageni

Sahare, natumia pia, na kipande kile cha bibi kipo huko. Ila hesabu yangu inakataa kuwa huko peke yake. Google wanatoa 15GB bure, na tangu Juni 2021 picha zote zinahesabiwa humo, ule wakati wa kujaza bila kikomo uliisha. Kwangu kuna karibu 400GB. Kuzipandisha kwa bando ni pesa ya diski, na siku ya kuzishusha zote ni bando jingine. Akaunti nayo ukiipoteza nywila, na namba ya simu uliyojiandikishia ulishaibadilisha, umefungiwa nje ya nyumba yako.

Kwa hiyo huko peleka vichache visivyopatikana tena: vyeti vya kuzaliwa, hati ya kiwanja, vyeti vya shule, sauti za wazee, picha mia za kuchagua. Mzigo wote uende kwenye diski. Wapiga picha wana hesabu yao waliyofundishwa na mwenzao wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja iwe nje ya nyumba. Ya nje ya nyumba ndiyo watu wanaipuuza. Mwizi akiingia hachukui laptopu akaacha diski iliyo kando yake. Moto pia hauchagui.

Sasa kupanga, kwa Windows, maana wengi ndiyo mnayo.

Diski ikishapita majaribio, ifomati kwa mpangilio wa NTFS. Kama utaichomeka na kwenye Mac, tumia exFAT. FAT32 usiiguse, haipokei faili linalozidi 4GB na video ya harusi itagoma katikati. Ipe jina, yangu inaitwa AKIBA1, na jina hilo hilo nimeliandika juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika pamoja na mwaka niliyoinunua.

Kisha fungua Control Panel, tafuta File History, kitunza akiba cha Windows yenyewe. Ipo kwenye Windows 10 na 11, haina malipo. Chagua diski yako, iwashe, bonyeza ianze. Inachukua nyaraka, picha, video, muziki na vilivyo juu ya skrini, na kila faili likibadilika inaweka toleo jipya bila kufuta la zamani. Hilo la matoleo ndilo linaloipambanua na kunakili kwa mkono. Mke wangu aliwahi kufungua mtihani wa kidato cha pili akauandikia juu wa kidato cha tatu na kuhifadhi. Kama tungekuwa na nakala ya kunakili tu, wiki ile ile makosa yangenakiliwa juu ya mazima. Tulirudi kwenye toleo la Jumanne, ukatoka mzima.

Angalizo kubwa: haitazami nje ya folda hizo. Ukiwa na tabia ya kuweka vitu D: au folda uliyoitengeneza mwenyewe kwenye C:, haivioni, wala haikwambii. Ama uvihamishie ndani ya Documents na Pictures, ama uviongeze kwenye maktaba za Windows (Libraries).

Na kwa wenye Windows 10: Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Wengi mtapeleka kwa fundi kuwekewa 11. Akiba kwanza, fundi baadaye.

#7 Fundi Barabara ya 8

Hapo mwisho pigia mstari. Mtu analeta mashine "niwekee Windows", namuuliza una vitu vyako pembeni, ananijibu vipo D:, havitaguswa. Kuna mashine hazina D:, ni folda tu mtu kaiita hivyo.

#8 MamaPacha

Nina maswali mawili, msinichoke. Moja, kwa nini nisiiache imechomekwa muda wote ili isiwe na kazi ya kukumbuka? Pili, nyumba yetu iko karibu na bahari, flashi zangu zote zinaota kutu ya kijani mdomoni. Diski itapona?

#9 Mwana wa Chumbageni

La kwanza: ichomoe. Radi moja au umeme ukirudi kwa nguvu, laptopu na diski zinaondoka pamoja. Sababu ya pili ni mtoto, nimeshaisimulia. Sababu ya tatu ni virusi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia kwenye kompyuta za nchi zaidi ya 150, kinafunga mafaili kwa msimbo na kudai pesa, na virusi vya namna hiyo hufunga kila diski vinayoikuta imechomekwa. Na hapa kwetu anayechapisha steshenari anajua: flashi inakwenda nzima, inarudi folda zote zimegeuka shotikati. Flashi ya steshenari na diski ya akiba zisikutane kwenye kompyuta kwa wakati mmoja. Diski ya akiba usiitoe kuchapishia wala kumwazima mtu filamu.

Mimi ni kila Ijumaa baada ya Isha. Naichomeka juu ya meza, katikati, si ukingoni, waya umepita nyuma ya laptopu ambako hakuna njia. Nabonyeza "Run now", nasubiri imalize, naitoa kwa ile alama ya kuondoa kwa usalama, nasubiri sahani zisimame kabisa, ukiigusa unahisi kutetemeka kunaisha, ndipo naiinua.

La pili, kutu. Ikishapoa, itie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Waya wake utie humo humo. Lisikae juu ya friji wala kwenye kabati la ukuta unaotoa fukuto wakati wa masika. Ila usiifungie humo ikiwa inafanya kazi, inapata joto.

#10 Mwalimu wa Duga

Naomba kuongeza la wenzangu walimu. Diski yenye alama na majina ya wanafunzi ikiibwa, ni siri za watoto wa watu. Ifungeni kwa nywila: Windows za Pro zina BitLocker ya kazi hiyo, wengine tumieni VeraCrypt, ni ya bure. Lakini nywila iandikwe karatasini akae nayo mtu mwingine unayemwamini. Ukiisahau, hakuna fundi wa kuifungua.

#11 Mnazi Mkinda

Wenye Mac: Time Machine ipo tayari ndani yake, ukichomeka diski inakuuliza yenyewe. Inatunza nakala za kila saa kwa siku moja, za kila siku kwa mwezi, kisha za kila wiki mpaka diski ijae ndipo inaondoa za zamani. Wa Linux waitafute Déjà Dup, ni nyepesi.

#12 MamaPacha

Kaka, narudi na majibu. Nilinunua mbili, 1TB kila moja, za sahani, ndogo. H2testw ilikesha siku mbili, zote zimepita. Jana nikawasha File History, ikachukua karibu saa tatu.

Leo nikafanya jambo ambalo hukuliandika, ila nilikuwa na wasiwasi: nimeichukua diski kwa jirani, nikaichomeka kwenye laptopu yake. Mwanzoni nilishtuka, kila picha imeongezwa tarehe na saa mwishoni mwa jina, nikadhani zimeharibika. Kumbe ndivyo inavyoyaweka matoleo. Zikafunguka. Nikatafuta video ya pacha wakitambaa, ile ya barazani ambapo Kulwa anamvuta Doto mguu. Haipo. Nikatafuta nusu saa, haipo.

Nimerudi nyumbani nikaikuta. Ilikuwa kwenye folda niliyoiita "simu ya zamani", kwenye C: moja kwa moja, nje ya Pictures. GB 38 zilikuwa humo.

#13 Mwana wa Chumbageni

Dada, nimeacha kulisema lile ambalo lilitakiwa kuwa la kwanza, nisamehe. Kila baada ya miezi mitatu nafanya hivyo ulivyofanya: kompyuta ya mtu mwingine, mafaili matano kutoka folda tofauti, nayafungua mpaka mwisho. Video naiangalia ikiisha, si sekunde za mwanzo tu. Folda hiyo ihamishie ndani ya Pictures, endesha tena, kisha rudi kwa jirani.

#14 MamaPacha

Nimeshahamisha, imemaliza sasa hivi, na kwa jirani nimeiona mpaka mwisho. Diski ya pili niiweke wapi? Mama yangu yuko Muheza.

#15 Mwana wa Chumbageni

Muheza panafaa sana, tena si ukingoni mwa bahari, kutu itapungua. Ya kwenu ikae kwenye kopo, mama aiweke panapokauka, na kila ukienda kumsalimia ubebe iliyo mpya, urudi na ile ya zamani uijaze upya. Mimi AKIBA2 iko kwa shangazi Pangani. Jumamosi nakwenda kubadilishana naye, na safari hii nachukua kinasa sauti. Anasema anazikumbuka nyimbo mbili nyingine za bibi.